Mjuzi Mbele ya Hakimu: Uhakiki wa Namna Hukumu Zinavyopima Rai ya Mtaalamu

Katika hukumu za mahakama za Tanzania kuna sentensi moja ambayo msomaji huikuta tena na tena, kama msafiri anavyoukuta mbuyu uleule kila apitapo njia ya Bagamoyo. Maana yake kwa Kiswahili ni hii: mahakama hailazimiki kuifuata rai ya mtaalamu iwapo ipo sababu njema ya kutoifuata. Mahakama ya Rufani iliisema kwa uwazi katika shauri lililoripotiwa mwaka 1993, lililohusu hali ya akili ya mshitakiwa na taarifa ya daktari, na tangu hapo imenukuliwa na majaji na mahakimu hata imekuwa kama dua ya kufungulia mlango. Sentensi yenyewe haina kasoro. Inazo nusu mbili, nayo nusu ya pili ndiyo inayoibeba ya kwanza: uhuru wa hakimu umefungwa kwa sharti la sababu. Walakini hukumu nyingi huitamka nusu ya kwanza kwa sauti kubwa, na ile ya pili hufifia kinywani. Hapo ndipo uhakiki unapokuwa na kazi, kwa kuwa hukumu nayo ni maandishi, tena ni maandishi yenye nguvu kuliko kitabu chochote kilichomo maktabani. Mtu aweza kukifunga kitabu kisichompendeza, lakini hukumu ndiyo inayomfunga mtu.

Yafaa kuanza na jambo dogo, mbali na kitanzi na jela. Kerege ni mahali palipo kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, baada ya Mapinga. Ardhi yake zamani ilijulikana kwa mikorosho, minazi na miembe, na mipaka yake ilijulikana kwa miti hiyohiyo. Tangu mji wa Dar es Salaam ulipoanza kunyoosha mkono kuelekea kaskazini, mashamba mengi ya upande huo yamekatwa viwanja, na pamoja na viwanja zikaja ramani, vipimo na mawe ya mpaka ambayo watu huyaita bikoni. Basi fikiriwe shauri la namna inayoweza kutokea huko siku yoyote. Mnunuzi anayo ramani iliyotengenezwa na mpima ardhi mwenye leseni. Jiwe limesimama mahali fulani. Mzee jirani yake hana karatasi. Anasema kwamba mpaka ni mkorosho uliopandwa na baba yake, na kwamba jiwe limeingia hatua 20 ndani ya shamba.

Mpima ardhi akiitwa atasema kweli tupu. Ataonyesha jiwe lilipo, umbali wake kutoka jiwe jingine, na namna vipimo vyake vinavyolingana na ramani. Akiulizwa kama jiwe limesimama panapotakiwa na ramani, atajibu kwa yakini, na yakini yake ina msingi. Lakini swali lililowaleta watu barazani si hilo. Wanauliza ni nani aliyekuwa na haki juu ya zile hatua 20 kabla ya ramani kuchorwa, na ni nani aliyemwonyesha mpima ardhi pa kusimamisha jiwe. Katika hilo mpima ardhi hana ujuzi unaomzidi mpita njia. Hakimu akiupokea utaalamu wake wa jiwe na kuutumia kama utaalamu wa haki, amemvisha mtu kanzu isiyo yake, na kosa si la mpima ardhi.

Mzee naye ni nani mbele ya sheria? Wengi humhesabu kuwa shahidi wa kawaida, mtu aliyeona na kusikia. Kwa sehemu ndivyo alivyo. Lakini anaposema kwamba katika nchi ile mti uliopandwa mpakani ni alama inayoheshimiwa na pande mbili, na kwamba mtu hakati mti huo bila kumwita jirani, hapo hasemi aliloliona siku moja, anasema desturi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inakubali rai za watu wanaotazamiwa kuijua desturi ya mahali, kama inavyokubali rai za wajuzi wa sayansi, sanaa, sheria za kigeni, mwandiko na alama za vidole. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kumiliki kwa desturi kuwa na hadhi sawa na haki ya kupewa kwa hati. Kwa hiyo barazani hapo wamesimama wajuzi wawili, mmoja amekuja na darubini yake ya vipimo na mwingine na kumbukumbu zake. Ni haba kuziona hukumu zinazomtaja mzee kwa jina hilo la mjuzi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sheria yenyewe imeweka wazee ndani ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wakae pamoja na mwenyekiti na kutoa maoni kabla ya uamuzi. Mahakama ya Rufani imelilinda sharti hilo kwa ukali. Mara kadha wa kadha imefuta mwenendo mzima wa shauri kwa sababu maoni ya wazee hayakuandikwa na kusomwa mbele ya wadaawa. Ukali huo ni mwema. Lakini mara nyingi umeishia kwenye karatasi: je, maoni yaliandikwa? Je, yalisomwa? Ni mara chache hukumu huuliza kama mwenyekiti, alipotofautiana na wazee, alitoa hoja inayowakabili. Wakati mwingine maoni huandikwa, husomwa, kisha huachwa yamelala. Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake, na ibara ya 13 inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kusikilizwa kwa ukamilifu hakutimii kwa kupewa nafasi ya kusema tu.

Watu wa mwambao hawakuanza leo kutofautisha kati ya mjuzi na mwamuzi. Katika sheria ya Kiislamu mufti hutoa fatwa na kadhi hukata shauri. Mufti aweza kuwa bahari ya elimu, lakini hakusikiliza mashahidi, wala hajui nani kati ya wadaawa anasema kweli. Kadhi aweza kuwa na elimu ndogo kuliko mufti, lakini mzigo wa uamuzi u juu ya kichwa chake. Upande wa pili palikuwa na viapo, ambamo anayetuhumiwa alipewa kula au kushika kitu kilichosomewa, na kitu hicho kikasema kama ana hatia. Kiapo ndicho kilele cha kumtegemea mtaalamu: mganga huandaa, kitu huamua, na mwamuzi hubaki mtazamaji. Wako wanaodhani kwamba kiapo kimekwisha. Kimekwisha kwa sura, lakini hakimu anayesema, "Maabara imekwisha sema," kisha akafunga jalada bila kuuliza sampuli ilichukuliwa na nani na ilihifadhiwa wapi, amerudi kwenye mkate wa kiapo bila kujijua.

Bagamoyo pia ndiko alikotoka mtu aliyekuwa shahidi mtaalamu wa desturi za Waswahili kuliko wote wa zama zake, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 kikatokea kile kitabu kinachosimulia desturi za Waswahili na khabari za desturi za sheria zao. Jalada likabeba jina la Carl Velten, mkusanyaji. Hilo nalo ni somo kwa wapimaji wa ushahidi: rai ya mjuzi ikisafiri bila mwenyewe, haipiti muda mrefu kabla ya kuwa mali ya aliyeiandika.

Na hapo ndipo mtu anapofikia daktari na fomu yake. Katika mashauri ya kujeruhi na ya kubaka, mgonjwa huchukua kwa polisi fomu inayoitwa PF3, daktari huijaza, na fomu hupokelewa mahakamani kuwa kielelezo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliruhusu fomu hiyo ipokewe pasipo daktari kuwapo, lakini ikaweka kinga: hakimu sharti amwarifu mshitakiwa kwamba anayo haki ya kutaka daktari aitwe aulizwe maswali. Kinga hiyo ni haki ya binadamu iliyovaa nguo za kazi. Haikuandikwa kwa maneno makubwa. Inasema tu kwamba mtu asifungwe kwa karatasi asiyoweza kuiuliza swali.

Mahakimu wengi waliisahau. Mashauri yalipofika Mahakama ya Rufani, majaji waliitoa PF3 katika kumbukumbu, kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Mpaka hapo haki ya mshitakiwa imelindwa. Lakini hatua inayofuata yataka kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama hiyohiyo ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Kanuni hii ilitolewa kwa nia njema, tena ilihitajiwa sana. Wanawake na watoto wengi wanaishi mbali na hospitali, na wapo waliokuwa wakikosa haki zao kwa sababu tu hawakufika kwa daktari siku ileile. Hapana anayetaka kurudi huko. Lakini kanuni mbili zilipokutana, likazuka zoea: PF3 inaondolewa kwa kasoro ya hakimu, kisha hukumu ya kifungo inathibitishwa kwa neno la mlalamikaji, na swali ambalo mshitakiwa angemuuliza daktari halikuulizwa na halitaulizwa kamwe. Fomu imeadhibiwa, mshitakiwa amebaki jela. Pengine ana hatia. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kinga iliwekwa ili swali liulizwe, haikuwekwa ili karatasi itupwe, na hukumu inayoishia kwenye kuitupa karatasi imelinda kivuli cha haki. Ingefaa hukumu za namna hiyo ziseme walau sentensi mbili: daktari angeulizwa nini, na jibu lake lingeweza kubadili nini. Zikionyesha kwamba halingebadili kitu, rufani ikataliwe kwa amani. Zikionyesha kwamba lingebadili, basi lipo jambo la kufikiriwa.

Hakuna hukumu ya Tanzania ambamo suala hili lilikuwa zito kuliko ile ya Mbushuu. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, katika Mahakama Kuu huko Dodoma, alikubali hoja kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inatweza utu, na inapingana na Katiba. Haki zenyewe ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na watu wakaanza kuweza kuzidai mahakamani mwaka 1988. Kwa hiyo mche ulikuwa mchanga bado. Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria ipunguze haki kwa ajili ya maslahi ya umma. Basi likabaki swali la ukweli: je, kunyonga wauaji kunawalinda watu zaidi kuliko kuwafunga maisha? Hilo haliwezi kujibiwa kwa kuisoma Katiba tu. Ni swali la wachunguzi wa jamii, wenye takwimu na miaka ya uchunguzi. Jaji Mwalusanya aliingia katika tafiti hizo bila kusita, na akaona kwamba hazikuthibitisha kuwa kitanzi kinatisha kuliko kifungo cha maisha. Akawahukumu wale wawili kifungo cha maisha.

Serikali ikakata rufani, na mwezi Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi ulioandikwa na Jaji Augustino Ramadhani. Ni maandishi ya mtu mwenye akili pana, wala hayakwepi ugumu. Mahakama ilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kutweza. Ilikubali kwamba sheria inayopunguza haki sharti isiwe ya kidhalimu, na isizidi kiasi kinachohitajiwa, kama ilivyokwisha kusemwa mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun. Lakini ilipofika kwenye tafiti ikasema kwamba uthibitisho thabiti haupo upande huu wala upande ule, na kwamba kwa hali hiyo ni jamii ndiyo inayoamua. Adhabu ya kifo ikaokolewa na ibara ya 30(2), na kifungo cha maisha kikatenguliwa.

Hapo yataka kusimama. Mahakama haikusema kwamba wachunguzi wamekosea. Ilisema kwamba hawajatosheleza. Tofauti hiyo ni kubwa. Ushahidi usiotosheleza hauipeleki mizani popote. Huiacha mahali ilipokuwa, na kwa hiyo swali lote huhamia kwa yule aliyepewa mzigo wa kuthibitisha. Maadamu imekwisha kukubaliwa kwamba adhabu hiyo inaivunja haki, anayeomba ruhusa ya kuivunja ndiye mwenye mzigo. Akija mikono mitupu, ameshindwa. Katika hukumu ile yule aliyekuja mikono mitupu alipewa ushindi, kwa sababu mwenzake naye hakujaza yake. Jamii ikaitwa kuwa shahidi wa mwisho, lakini jamii haikuapishwa, haikuulizwa maswali, wala hukumu haikueleza rai yake ilipimwa kwa kipimo gani.

Miezi michache baadaye, tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikata shauri la Makwanyane. Majaji wake 11 walikuwa mbele ya upungufu uleule wa uthibitisho. Waliisoma hukumu ya Tanzania na kuitaja. Kisha wakasema kwamba Serikali haikuonyesha kuwa kifo kinazuia mauaji kuliko kifungo cha maisha, na kwa kuwa Serikali ndiyo iliyotaka haki ya uhai ipunguzwe, adhabu ile ikaanguka. Wengine wamedai kwamba tofauti ya mahakama hizi mbili ni tofauti ya siasa: nchi moja imetoka katika ubaguzi, nyingine ina utulivu wa miaka mingi. Pengine yamo hayo, na Katiba zenyewe hazikuandikwa kwa maneno yaleyale. Lakini msomaji akiziweka kurasa kwa kurasa ataona kwamba njia zilipoachana ni mahali padogo, pale tu palipoulizwa nani anapata hasara kwa kimya cha wataalamu.

Swali hilohilo lilirudi Afrika Mashariki baada ya zaidi ya miaka 20, kwa sura ya msitu. Mwezi Oktoba 2009 idara ya misitu ya Kenya iliwapa watu wa msitu wa Mau, wakiwamo Waogiek, siku 30 waondoke. Serikali ilisema kwamba msitu ni chanzo cha maji na kwamba wakaaji wanauharibu. Shauri likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha, na mwezi Novemba 2014 majaji wakawasikiliza mashahidi wa Kiogiek pamoja na mtaalamu wa masuala ya ardhi. Hukumu ilitolewa tarehe 26 Mei 2017. Kuhusu msitu, majaji hawakusema kwamba mazingira si kitu. Walisema kwamba Kenya haikuleta ushahidi kuonyesha kuwa kukaa kwa Waogiek ndiko sababu kuu ya uharibifu, na kwamba taarifa zilizokuwapo zilielekeza kidole kwa uvamizi wa makundi mengine na kwa Serikali yenyewe iliyokata vipande vya msitu na kuvigawa. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru fidia, Shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa machungu. Katika hukumu hii mtu anaweza kuifuata njia kwa miguu yake: nini kilidaiwa, nani alipaswa kukithibitisha, alileta nini, na kwa nini hakikutosha. Mzee wa Kiogiek anayeujua msitu kwa mizinga ya nyuki na mtaalamu anayeujua kwa vitabu walisikilizwa chini ya paa moja, na hakuna aliyetumiwa kumzima mwenziwe.

Lakini yako mashauri ambamo mjuzi hawezi kusikilizwa hata akija na mzigo wa vitabu, kwa kuwa sheria imefunga mlango wenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ilipomwamuru jaji amhukumu kunyongwa kila aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, ilimnyima jaji swali la pili. Daktari wa akili aweza kusikilizwa kuhusu wazimu, kwa kuwa wazimu ni utetezi. Mshitakiwa hupelekwa Isanga, Dodoma, achunguzwe, na taarifa hurudi. Lakini kama taarifa yasema kwamba hakuwa mwendawazimu, ila alikuwa mtu aliyepigwa tangu utotoni, mwenye akili nzito, aliyeghadhibishwa kwa miezi mingi, basi taarifa hiyo haina pa kukaa. Ni kweli tupu isiyo na kiti. Mahakama ya Arusha ililiona hilo katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, tarehe 28 Novemba 2019, ikasema kwamba adhabu ya lazima inamwondolea jaji uhuru wa kumtazama mtu aliye mbele yake, na kwa hiyo inaivunja haki ya uhai. Ikaitaka Tanzania iondoe ulazima huo ndani ya mwaka mmoja. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imekwisha kusema mfano wa hayo mwezi Desemba 2017, katika shauri la Muruatetu. Inastahili kukumbukwa kwamba Jaji Ramadhani, mwandishi wa hukumu ya 1995, alikuwa baadaye Rais wa Mahakama ya Afrika tangu 2014 hata 2016. Na inastahili pia kukumbukwa kwamba siku chache tu kabla ya hukumu ya 2019, Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lake lililowaruhusu watu binafsi kuishitaki mahakamani hapo. Tamko hilo lilikuwa limewekwa mwaka 2010.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kulitazama jambo hili kabla ya wanasheria kulipa jina. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, hadithi ya nchi iliyo angani, na hadithi hiyo kwa umbo lake ni shauri moja refu. Karama ameshitakiwa na Majivuno kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakaleta maarifa, wakalipwa kifungo. Wahakiki wengi wameisoma kama kitabu cha siasa dhidi ya utawala wa kigeni, na hawakukosea. Lakini msomaji wa mahakama anaona kitu kingine. Wajumbe wale ni mashahidi wataalamu wa nchi ile: walikwenda mahali wengine wasipofika, wakajifunza mambo ambayo baraza halikuweza kuyajua kwa njia nyingine. Wala baraza halikuwashinda kwa hoja. Liliwakataa kwa sababu habari zao zilikuwa ngeni. Ugeni wa habari ukafanywa kuwa hatia ya mwenye kuileta. Mtu akisoma hukumu zinazomtupa mtaalamu kwa neno moja, "haieleweki", hawezi kuacha kumkumbuka Majivuno.

Mwanasheria mwenye ukali angesema kwamba Karama mwenyewe analeta ushahidi wa kusikia, na angekuwa na haki. Wajumbe wako hai gerezani. Ingewezekana waletwe waseme wenyewe. Shaaban Robert hakujali, kwa kuwa alikuwa akitunga hadithi, hakuwa akiandika mwenendo wa shauri. Lakini jambo moja alilitia kwa makusudi: mfalme amekaa, akasikiliza siku baada ya siku, mpaka mwisho, ndipo Karama akaachiliwa na wajumbe wakafunguliwa. Katika kitabu kilichojaa udhalimu, haki inaingia kwa njia ya uvumilivu wa sikio.

Limebaki suala la lugha, nalo si dogo. Shahidi husema Kiswahili, mtaalamu aghalabu huandika Kiingereza, hakimu kwa miaka mingi aliandika Kiingereza, na mshitakiwa alipewa tafsiri ya tafsiri. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, alipoandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, jambo hilo lilitangazwa nchi nzima, na mwezi Februari akapandishwa kwenda Mahakama ya Rufani. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale tu maslahi ya haki yanapokihitaji. Wengi walilishangilia kama ushindi wa taifa. Faida yake kwa ushahidi wa mtaalamu haikusemwa sana, nayo huenda ndiyo faida kubwa zaidi.

Kiswahili hakina pa kujificha kwa urahisi. Sheria inaita kauli ya mtaalamu maoni, na kwa masikio ya watu wengi maoni ni kitu chepesi, kila mtu anayo, hata asiyeulizwa. Rai ni nzito kidogo, kwa kuwa rai hutakiwa kwa mwenye busara. Fatwa ni nzito zaidi, nayo ina dini ndani yake. Hakimu akichagua neno amekwisha kusema kitu kuhusu uzito. Vilevile anapoandika kwamba ushahidi "umepimwa", Kiswahili kinamkumbusha mizani ya dukani, yenye mawe yanayoonekana, na mnunuzi aliyesimama mbele akitazama mkono wa muuzaji. Mtu hawezi kuandika "umepimwa" mbele ya watu wa Kerege akanyamaza kuhusu mawe aliyoyatumia. Kwa Kiingereza neno hilo lilipita bila kelele, kwa sababu waliokuwa na shauri hawakulisikia.

Na sasa wanalisikia. Mzee aliyeshindwa shauri lake la hatua 20 huchukua nakala ya uamuzi na kwenda nayo nyumbani. Mjukuu aliye darasa la 7 aweza kumsomea, neno kwa neno, jina la mpima ardhi, jina la mkorosho, maoni ya wazee wa baraza, mpaka penye mstari usemao kwamba mwenyekiti hakulazimika kuyafuata. Atamwambia mjukuu aendelee kusoma.